Kanda ya Tano Oyee!

Mabwana wa Hollywood waliigawa dunia katika kanda za DVD bila hata kuitisha mkutano kule Berlin. Marekani na Kanada zikajichukulia kanda ya 1. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini zikapewa ya 2. Sisi wa Dar na Mombasa tukatupwa kanda ya 5, pamoja na India, Urusi na Korea Kaskazini. Majirani wema, hatulalamiki. Hata ndege na meli zina kanda yao, ya 8.

Sasa shangazi yako wa Maskati akununulie DVD halali, yenye risiti, aitume Unguja. Ukiitia kwenye kompyuta yako ya kanda ya 5, inakuuliza kwa adabu zote kama ungependa kubadili kanda. Umebakiwa na mara 4. Drivu zilizotoka tangu mwaka 2000 kwa kawaida huruhusu mabadiliko 5 tu, na hesabu imehifadhiwa ndani ya drivu yenyewe. Futa Windows, pakia upya, haisahau. Wanasiasa wetu huhama vyama mara nyingi kuliko hapo, na hakuna anayewafungia.

Wajanja huweka programu ya VLC, na kwa baadhi ya drivu (si zote, usinigombeze) picha inatoka bila kuulizwa pasipoti.

Na ile diski ya kando ya barabara, filamu kumi na mbili kwenye sahani moja, jalada la fotokopi? Haina kanda. Inacheza popote, na ikikwama, kijana anakubadilishia papo hapo.