Bibi Bureti na Mbuzi wa Mjomba

Mitihani ya mwisho wa muhula inapokaribia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vimbweta vya Mlimani hujaa hadi usiku wa manane, na barua kwa Bibi Bureti huongezeka maradufu. Bibi huwashauri wanasayansi wa mwaka wa tatu, wale waliovuka sapu, ile mitihani ya marudio ya mwaka wa kwanza, na sasa wanadhani kudisko, yaani kuondolewa chuoni, ni habari za wenzao. Mambo ya mapenzi hayagusi. Kwa hayo, anasema, wapo wataalamu redioni, na hawadaiwi koti jeupe.

Barua ya kwanza imetoka kwa kijana wa kemia. Titresheni zake tatu zimempa sentimita za ujazo 24.1, 24.2 na 25.6. Muda wa maabara unayoyoma, na wenzake wanamshauri aipike ile ya tatu isomeke 24.1 ili jedwali lipendeze. "Shikamoo Bibi. Nipike au nisipike?"

Marahaba, mjukuu. Bibi anamwambia aache daftari kwanza, aende akaitazame bureti. Alipoijaza upya, je, kiputo cha hewa kilibaki chini ya koki? Kikitoka katikati ya kazi, nafasi yake hujazwa na mmumunyo ambao haukufika kwenye flaski, lakini kipimo kinauhesabu kama umetumika. Na flaski yenyewe aliisuuza kwa kitu gani? Akiisuuza kwa maji safi hakuna ubaya. Akiisuuza kwa ule mmumunyo anaoupima, ameongeza kitu ambacho pipeti haikukipima, na usomaji lazima upande. Kwa hiyo ile 25.6 huenda inamwambia jambo, na akiipika ameinyamazisha. Aiandike kama ilivyo, aeleze anachoshuku, kisha arudie mara ya nne.

Hapo Bibi huwa hajizuii, lazima amtaje Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, Mpemba aliwahi nafasi kwenye friji kwa kuweka maziwa ya aiskrimu yakiwa bado moto, akaona yake yameganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimkejeli. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuwa ametembelea shule kutoka Dar es Salaam. Darasa likacheka, lakini Osborne alirudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kweli kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio mpaka lipatikane jibu sahihi.

Bibi akifika hapo hucheka mpaka miwani inamtoka. Fundi yule aliugua ugonjwa wa wenzake kijana wetu wa kemia: jibu analo mfukoni kabla bomba halijafunguliwa. Bahati nzuri matokeo hayakupikwa, na mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliyachapisha pamoja. Ubishi haujakwisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima upya na hawakuona ushahidi wa kutosha. Ila wamepata cha kubishia kwa sababu kuna mtu aliandika alichokiona.

Hata Robert Millikan, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1923, ana kesi. Katika makala yake ya 1913 kuhusu chaji ya elektroni alidai kwamba matone 58 ya mafuta aliyoyaripoti ndiyo yote, kumbe daftari zake za maabara zina mengine mengi. Bibi hamsamehei dai hilo. Anachomsifia ni kwamba hata matone aliyoyaacha aliyaandika.

Wa pili ni binti wa fizikia. "Bibi, nikisoma desa la rafiki yangu naelewa kila mstari. Nikiingia kwenye chumba cha mtihani, mlinganyo wa Schrödinger unanikodolea macho tu. Niache madesa?"

Asiyaache. Albert Einstein alipokuwa akisoma Zürich alikwepa vipindi vingi na kujiandaa kwa mitihani kwa madaftari ya mwenzake, Marcel Grossmann. Alihitimu mwaka 1900, na kwa maelezo yake mwenyewe, ule msuli wa mitihani ulimkinaisha hata kwa mwaka mzima hakutaka kufikiria tatizo lolote la sayansi. Mwaka 1912, alipokwamishwa na hesabu za rilativiti ya jumla, alimrudia Grossmann huyohuyo. Schrödinger naye, mwaka 1926, alimshukuru Hermann Weyl kwa msaada wa hesabu ndani ya makala yenyewe iliyoleta mlinganyo unaomkodolea macho binti yetu.

Tatizo ni namna desa linavyosomwa. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliosoma andiko mara nyingi walikumbuka vizuri dakika tano baadaye, lakini baada ya wiki walizidiwa na wale waliosoma mara moja kisha wakajipima: 40 kwa mia dhidi ya 61. Basi binti alifunike desa, achukue karatasi tupu, na aanze na chembe iliyofungiwa kisandukuni. Aweke sharti kwamba wimbi liwe sifuri kwenye kuta zote mbili, asukume hesabu mwenyewe mpaka aone kwa nini viwango vya nishati hupanda kwa uwiano wa 1, 4, 9, 16. Akikwama, afunue mstari mmoja tu, afunike tena.

Kuna pia aliyeuliza kama bumu, ile fedha ya kujikimu, likiisha wiki ya tatu hiyo ni sheria ya asili. Hapana, ni chipsi kuku.

Barua ya mwisho ni ya mwanafunzi wa zoolojia. Mjomba wake amesikia anasomea wanyama, amepanda basi na mbuzi anayeharisha. "Bibi, nitamwambiaje kwamba mimi si daktari?"

Amwambie hivyohivyo, kwa adabu: mabingwa wa mifugo husomea Sokoine, Morogoro, na mbuzi anahitaji daktari wa mifugo leo, si kesho. Lakini kabla hawajaondoka, aombe kinyesi kidogo. Akikoroge kwenye maji ya chumvi iliyokolea, achuje, aache kitulie. Mayai ya minyoo mengi ni mepesi kuliko maji hayo, hivyo huelea juu, yakanata kwenye kioo chembamba na kuonekana kwa hadubini. Akiyahesabu kwa mbuzi mmoja ana jambo la kumsaidia daktari. Akipata mbuzi thelathini wa jirani za mjomba ana mradi wa mwaka wa tatu. Nauli ya mbuzi wa kwanza ailipe mjomba.