Jeki Isiyoaibika Kinango: Mwongozo kwa Anayetaka Kuunda

Kabla hujashika penseli, nenda Kinango, kaunti ya Kwale, wakati wa kiangazi. Usiishie Diani. Diani kuna upepo wa bahari na karakana zenye sakafu ya saruji, na kwenye sakafu ya saruji kila jeki ni hodari. Endelea na safari, upite mji wa Kinango, ushike njia ya vumbi ya Ndavaya au ya Vigurungani, kisha usubiri lori la mahindi lipasuke gurudumu la nyuma. Tanboi, msaidizi wa dereva, ataichomoa jeki chini ya kiti, imeviringishwa kwenye gunia na kuganda vumbi lililolowa mafuta. Hapo ndipo kazi yako itahukumiwa. Sifa za kwenye maonyesho hazitakusaidia.

Unachotaka kuunda ni mtambo mdogo wa haidroliki wenye pampu yake ndani: hauna mipira ya kuunganisha wala injini ya pembeni. Richard Dudgeon alipata hataza ya jeki ya aina hiyo Marekani mwaka 1851, na vilivyomo havijabadilika sana: tangi la mafuta, pistoni ndogo ya pampu, pistoni kubwa ya kuinua, valvu mbili za gololi na skrubu ya kuachia. Ndege ya Airbus A380 imebeba ndugu zake kwenye mbawa, ila kule kazi ya tanboi inafanywa na mota ya umeme. Ukishindwa na jeki ya lori, ndege tuachie.

Anza na hesabu, na ukatae kata kata kuzikimbia. Chukua pistoni ndogo yenye kipenyo cha milimita 10 na kubwa yenye milimita 40. Kipenyo kimezidi mara 4, kwa hiyo eneo limezidi mara 16. Mkono wa sentimita 40 unaosukuma pampu iliyo sentimita 2 kutoka kwenye egemeo unaongeza mara 20. Tanboi akikandamiza kwa kilo 20, upande wa pili zinatoka kilo 6,400. Malipo yake ni jasho: pampu ikishuka milimita 15, pistoni kubwa haipandi hata milimita moja kamili, na kuinua lori sentimita 10 kunataka kupampu mara mia na kidogo. Wapo wabunifu wanaoingiwa na huruma, wakanenepesha pistoni ndogo hadi milimita 20 ili lori lipande upesi. Matokeo yake tanboi anahitaji kilo 80 badala ya 20, anaukanyaga mkono kwa miguu yote miwili, na mkono unapinda. Huruma ya namna hiyo ni ujinga. Mwache kijana apampu.

Halafu kuna bomba. Mkono ukiwa mgumu, mtu ataokota bomba la maji na kuurefusha mpaka mita 1.2, na nguvu imekuwa mara tatu. Ndani ya silinda tulikuwa na takriban kilo 500 kwa kila sentimita ya mraba, zaidi ya mara 200 ya presha ya tairi la gari dogo. Sasa unaelekea 1,500. Wewe ukasema utabandika karatasi ya onyo! Karatasi itabanduka kabla ya mvua za masika. Weka valvu ya usalama inayorudisha mafuta kwenye tangi, na uifiche mahali ambapo bisibisi ya mtu mwenye haraka haifiki.

Sasa tuje kwenye sili, na hapa tutakaa, kwa sababu jeki nyingi hufia hapa. Joseph Bramah alipounda shinikizo lake la maji mwaka 1795, tatizo lilikuwa hilo hilo: sili ikikaza sana pistoni haiendi, ikilegea maji yanavuja. Jawabu lililokuja kutumika, ambalo kwa kawaida hupewa Henry Maudslay, fundi wake, lilikuwa kikombe cha ngozi chenye midomo. Presha inaingia kati ya midomo na kuibana ukutani. Presha ikizidi, kubana kunazidi. Siku hizi ngozi imekuwa mpira wa naitrili, lakini umbo ni lile lile.

Na umbo hilo Kwale tunalijua vizuri. Miaka ya 1980 ukanda wa kusini, kuanzia Diani hadi Msambweni, ulikuwa mojawapo ya viwanja vya majaribio ya pampu ya mkono ya Afridev, kwa kazi ya shirika la KWAHO pamoja na UNDP, Benki ya Dunia na msaada wa Uswidi. Fungua Afridev utaikuta sili ya mpira yenye midomo. Lakini ukuu wake ni kwamba unaifungua kwa spana moja, na pistoni pamoja na valvu ya chini zinavutwa juu kupitia ndani ya bomba bila kung'oa bomba lenyewe. Wanakijiji, wanawake wakiwa mbele, walifunzwa kuitunza wenyewe, na mamia ya pampu hizo zikasambaa. Kama mtambo wa haidroliki uliozama makumi ya mita ardhini unafunguliwa kwa spana moja, wewe mwenye jeki ya kubebeka kwapani una udhuru gani wa kuiziba kwa kulehemu? Anayeunda jeki isiyofunguka anauza chuma chakavu, na mteja anasubiri tu siku ya kukipeleka mizani. Mgodi wa titani wa Msambweni, hadi ulipofunga kazi mwishoni mwa 2024, uliweza kuhudumia mitambo yake kwenye karakana. Lori la Kinango lina fundi mmoja chini ya mwembe.

Msikilize huyo fundi. Dereva anafika na kusema, "Kaka, jeki inapanda lakini haishiki." Fundi haanzi kwa kufungua. Anaiwekea mzigo na kuutazama mkono. Mkono ukijiinua wenyewe polepole, gololi ya upande wa kutoa inavujisha. Mkono ukitulia na mzigo ukashuka, anaangalia skrubu ya kuachia; mafuta yakichuruzika juu kando ya pistoni, sili imekwisha. Gololi ikiwa ndiyo mkosaji, anasafisha kiti chake, anaiweka, anagusisha kijiti cha shaba juu yake na kukipiga nyundo pigo moja jepesi ili kiti kichukue umbo la gololi, kisha anatia gololi mpya. Kazi hiyo ni ya dakika chache kama umeziweka gololi zote mbili nyuma ya vizibo vya nje. Umezizika katikati ya chuma, umemtukana fundi.

Mchanga wa huku unatokana na miamba ya Duruma, na chembe za kwatzi zilizomo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe moja ikikaa kwenye kiti cha gololi, jeki haishiki. Basi weka mdomo wa kufuta vumbi juu ya pistoni, chujio mbele ya njia ya kunyonya, na kifuniko cha mpira kwenye pampu. Mafuta yawe ya haidroliki. Oili ya breki huvimbisha naitrili. Tangi lizidi ujazo wa pistoni ikiwa imetoka yote (kwa mwendo wa sentimita 15 ni kama mililita 190), na libaki na nafasi ya hewa. Mafuta yaliyofungiwa pasipo pa kwenda, yakipigwa na jua la saa saba, hupandisha presha karibu kilo 10 kwa sentimita ya mraba kwa kila digrii moja.

Usisahau kitako. Tani 6 juu ya kitako cha sentimita 10 kwa 10 ni kilo 60 kwa kila sentimita ya mraba. Mchanga utaimeza jeki yako huku lori limetulia pale pale. Panua kitako, uuze jeki na ubao wake. Na lori likishainuka, mawe au stendi zitangulie kabla mtu hajaingiza kichwa chini, hata kama jeki umeiunda wewe.

Mwisho, ijaribu. Inua tani zako, chora mstari wa chaki kwenye pistoni, uiache usiku kucha. Asubuhi mwagia vumbi la Ndavaya, pampu mara 500, uchore mstari mwingine. Kisha mpe fundi ambaye hajawahi kuiona, pamoja na spana moja na sili mpya, uketi kando bila kusema neno. Akiomba spana ya pili, rudi kwenye karatasi.