Upepo Nao Una Zamu Yake

Drafti ni mchezo wa watu wawili, isipokuwa hapa mtaani kwetu Nkuhungu, ambako wakati wa kiangazi upepo nao una zamu yake. Ubao wetu ni kipande cha plaiwudi kilichochorwa kwa maka peni. Kete ni vizibo vya soda: 12 kifudifudi, 12 chali. Kisulisuli kikikatiza kijiweni kinaondoka na vumbi, maganda ya karanga, mfuko wa plastiki uliopigwa marufuku tangu 2019, na mchezo wote. Sheria ya kijiwe ni ukigusa umecheza, lakini aliyegusa kete zote 24 kwa mpigo hadaiwi.

Ajabu ni kwamba upepo huu humpenda anayefungwa. Kuna mzee mmoja pale, akibaki na kete mbili huanza kutazama mawingu. Mara kofi linapita juu ya ubao, vizibo vinatawanyika.

"Upepo huo! Tuanze upya."

"Mzee, mbona majani ya mwarobaini hayajatikisika?"

"Wewe kijana, umekuja kucheza drafti au kuangalia majani?"

Wenzetu wa michezo mingine walishalitafutia dawa jambo hili la kete kutawanyika. Bao la kiswahili lina mashimo 32, na kete zake 64 zimetulia humo ndani. Upepo utapuliza mpaka uchoke. Juni 1970, wanaanga wa Kisovieti, Nikolayev na Sevastyanov, walicheza sataranji ndani ya Soyuz 9 na wenzao waliobaki duniani. Kule kila kitu kinaelea, kwa hiyo ubao wao ulikuwa na mifereji ya kushikilia kete zisikimbie. Mchezo uliisha sare. Na kwa vijana wanaocheza michezo ya kusogeza kete juu ya ramani kwenye kompyuta, msimamizi wa mchezo akishaifunga kete, hata kidole kikiteleza haisogei.

Sisi tukaenda kwa fundi seremala. Akatoboa ubao kila kijumba cheusi, akapitisha msumari mfupi katika kila kizibo. Kisulisuli kikaja, kikapita, hakuna kilichotikisika. Tukashangilia.

Kisha mtu akaingia kingi. Kingi ni kizibo juu ya kizibo, na cha juu kikagoma kukaa kwa sababu ya kichwa cha msumari. Kula kete tatu nako kukawa kazi ya kung'oa misumari mitatu, mpinzani akikusimamia na kukuhesabia. Yule mzee alivumilia mpaka akabakiwa na kete mbili, simu yake ikaita, akainuka kwa haraka, na goti likaunyanyua ubao mzima, misumari na vizibo vyote.

Siku hizi tunapiga picha ya ubao kila baada ya kete kuliwa. Mzee anadai picha hizo ni za jana.

Ukikaribishwa mchezo Nkuhungu, njoo na simu yenye chaji, na kabla ya kuanza hakikisha ya mzee imezimwa.