Baraza la Pikipiki Mbovu

Kadi ilisema Honda CG125. Macho yalisema chuma chakavu. Ilikuwa imeegeshwa, kama kulala ubavu nako ni kuegeshwa, nyuma ya banda la kuku huko Mbagala: tanki limetoboka, kiti kimeliwa na panya, na ndani ya ekzosi waliishi nyigu ambao hawakutajwa popote kwenye makubaliano. "Ina tatizo dogo tu la umeme, kaka," muuzaji alisema. Hakudanganya sana. Haikuwa na waya hata mmoja.

Nilikuwa na hoja zangu. CG125 ilitoka mwaka 1976, na walioibuni walijua fika kwamba inakwenda nchi ambako oili hubadilishwa siku mwenyewe akikumbuka, na abiria hupanda na gunia lake la mkaa. Ndiyo maana valvu zake hazitegemei mnyororo wa ndani wa kubembelezwa. Zinasukumwa na vijiti vya chuma, basi. Baadaye Wachina wakaiga injini ile, na pikipiki nyingi tunazopanda leo ni wajukuu zake. Kwa ukoo mkubwa namna hiyo, nikajiambia, spea hazitanisumbua.

Na kweli zipo tele. Unaingia kwenye maduka ya spea ya Gerezani na pistoni ya zamani mfukoni, unatoka na mpya inayofanana nayo kama mtu na binamu yake. "Inaingia?" "Inaingia, bosi." Nyumbani haiingii. Ukiirudisha, mwenye duka anakutazama kwa huruma: "Si ungeichonga?"

Kuchonga ndiyo dini ya fundi wangu. Kitabu kinataka nafasi ya valvu iwe milimita 0.08, yeye hupima kwa karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, huku amefumba jicho moja. Nilimletea kitabu hicho. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku, kisha akakitandika chini na kukikalia, suruali isije ikapata oili.

Hayo yote nilikuwa nimeyatarajia. Gharama ambayo hakuna aliyenitajia ni chai.

Pikipiki nzima hukupeleka kwa watu. Mbovu huwaleta watu kwako. Wa kwanza kufika alikuwa mstaafu wa reli, jirani yangu, ambaye kwake yeye ugonjwa wowote duniani unaanzia kwenye plagi. Akafuata dereva wa daladala anayeamini kabureta peke yake. Wakabishana hadi adhana ya magharibi, na kesho yake wakaja na benchi. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, akateuliwa kushika tochi, akawa anammulika kila anayezungumza badala ya injini.

Kisha likaja suala la kubadilisha umiliki. Jina kwenye kadi halikuwa la muuzaji, wala la aliyemuuzia muuzaji. Tulimsaka mwenyewe mpaka tukampata, akaja kutia saini. Alipoiona pikipiki yake ya ujanani alishika kiuno, akauliza kuna chai, akaketi. Tangu hapo kila jioni anatukumbusha kwamba enzi zake ilikuwa inawaka kwa kiki moja.

Kwetu iliwaka baada ya kiki kurudi na kuniachia nundu kwenye muundi. Ililipuka mara moja, kuku wa jirani wakaruka ukuta, kisha ikaunguruma na kufukiza mbu wa mtaa mzima. Moshi ulikuwa wa buluu. Baraza likaafikiana kwa mara ya kwanza: ringi zinapitisha oili. Tukarudi Gerezani kwa mabinamu. Sasa moshi umekwisha, ila ukikanyaga breki honi inalia. Fundi anasema hiyo ni nyongeza, hajanidai kitu.

Basi naiendea kazini, na inakwenda vizuri. Tatizo ni ninaporudi. Wazee wananitazama nikiiegesha nzima, wananijibu salamu kwa shingo upande, na benchi halina ajenda. Dereva wa daladala amejaribu kusikia mlio usioeleweka kwenye giaboksi, hakuungwa mkono.

Juzi mstaafu aliniita pembeni. "Mwanangu, kuna Yamaha nimeiona Temeke. Tanki lake zima kabisa."

"Na injini, mzee?"

"Tanki zima kabisa," alirudia. "Nimeshamwachia jamaa namba yako."

Sikuwahi kujibu. Dirisha la jikoni lilifunguka, na mama watoto akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, mzee. Mwambie huyo wa Temeke akiileta, aje na sukari."