Waraka kwa watafiti waliopima wasiwasi wa wanafunzi wetu

Waheshimiwa watafiti,

Natumaini mlifika kwenu salama, na kwamba makaratasi mliyoondoka nayo hayakulowa, maana siku ile mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza. Mimi ndiye mwalimu niliyesimama mbele ya Kidato cha Nne kuwasomea maswali yenu moja baada ya jingine, kwa kuwa tafsiri mliyokuja nayo watoto hawakuielewa. Mliahidi kutuletea matokeo. Nimengoja mwaka mzima, na sasa naandika mimi.

Kwanza nawashukuru, na shukrani hii inatoka moyoni. Katika vijiji vyetu vya pwani ya mashariki ya Unguja wapima ardhi huja, wakaguzi wa hoteli huja, wapiga picha huja. Wa kumuuliza kijana wa miaka 16 kama analala usingizi hakuwahi kuja kabla yenu.

Karatasi ya kwanza ilikuwa GAD-7, dodoso la maswali saba ambalo Robert Spitzer na wenzake walilichapisha mwaka 2006, baada ya kulijaribu kwa watu wazima waliokuwa wakihudhuria kliniki nchini Marekani. Linauliza juu ya wiki mbili zilizopita tu. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ni 21, na anayefika 10 hustahili kuangaliwa zaidi. Chombo chenyewe sina ugomvi nacho. Lakini ninyi mlikuja mwanzoni mwa Novemba, na wiki mbili mlizoziuliza ndizo wiki za mwisho kabla ya mtihani wa taifa. Niliwaeleza mlangoni. Mkanijibu kwamba tiketi za ndege zimeshakatwa.

Halafu lile neno wasiwasi. Kwenu ni jina la maradhi. Hapa kwetu mtu akisema ana wasiwasi na fulani, anamshuku. Na ustadhi wa chuoni akikuambia una wasiwasi, anakusudia ile minong'ono ya shetani inayomfanya mtu arudie udhu mara tatu. Kijana ambaye moyo unamwenda mbio usiku atakwambia hana raha, au roho iko juu, au ana mawazo. Mawazo ndilo neno lenyewe, na katika tafsiri yenu nzima halikuwamo. Wavulana watatu waliniuliza kwa sauti ya chini kama kukubali kuwa na wasiwasi ni kukiri upungufu wa imani. Sikuwa na ruhusa yenu ya kufafanua. Wakatia alama kwenye "hapana kabisa", ambayo kwenye hesabu zenu ni sifuri. Mmoja wao nimewahi kumkuta nyuma ya darasa akilia.

Karatasi ya pili ilikuwa ya utalii endelevu: kubali au kataa kwamba utalii ulinde mazingira, kwamba wenyeji washirikishwe, kwamba wageni waridhike. Maswali hayo yalikaribiana sana na ile mizani ya sentensi 44 ambayo Choi na Sirakaya waliitoa mwaka 2005. Karibu darasa lote lilikubali kila kitu. Wangekataaje? Mwalimu yuko mbele, wageni wamekaa nyuma, na nyumbani kaka ndiye anayeleta unga kwa mshahara wa hoteli. Ninyi ni wanasaikolojia, na mnalijua kuliko mimi jambo ambalo Richard LaPiere alilionyesha mwaka 1934. Alizunguka Marekani na mume na mke Wachina, wakaingia katika hoteli na migahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye akawaandikia wenye hoteli na migahawa hiyo kuwauliza kama wangepokea Wachina, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Karatasi na mlango wa hoteli vilisema mambo mawili. Miaka yote hiyo imepita, na bado mmekuja kutaka karatasi peke yake.

Lakini lililonikalisha chini niandike ni jingine. Mlizitenga karatasi hizo mbili, hii ya moyo na ile ya utalii, kila moja na bahasha yake. Binti mmoja, ambaye mama yake analima mwani, alinifuata wakati wa kukusanya. "Mwalimu, hapa nimeandika silali, na hapa nimeandika utalii mzuri. Wataziunganisha?" Mama yake alikuwa akilima mwani wa bei kubwa, ule unaooza maji yanapopata joto. Umebaki wa bei ndogo, na maji yake ya kina kifupi ndiyo hayohayo yanayotakiwa na wageni wa mchezo wa kaiti. Mama hajui msimu ujao atapigilia wapi vigingi vyake. Binti anajua kwamba ada ya masomo ya mbele inatoka kwenye vigingi hivyo au kwenye hoteli, na moja inaisogeza nyingine. Nilimjibu kwamba mtaziunganisha. Nawaomba msinifanye muongo.

Katika maelezo yenu mlitaja utafiti mkubwa wa mwaka 2021, wa vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 na hofu yao juu ya tabianchi. Nchi zilikuwa kumi, na ya Afrika ilikuwa moja, Nigeria. Hilo mlipaswa kuliambia darasa. Na mlipaswa kuliambia kwamba utafiti huohuo ulikuta hofu ya vijana imefungamana na kuona kwamba serikali zao zimewaangusha. Katika karatasi zenu sikuona swali hata moja juu ya nani anaamua ufuo uwe wa nani.

Na kama yupo aliyepata 15 kwenye GAD-7, mlimwacha na nani? Majina ni siri, sawa, siri ni haki yake. Ila hamkuacha hata mtu mmoja wa kuzungumza naye. Kenya wameonyesha kwamba inawezekana: Tom Osborn na wenzake walichapisha mwaka 2021 jaribio la wanafunzi 413, ambapo vijana waliotoka sekondari karibuni walifunzwa kuongoza vikao vinne vya wenzao, na dalili za sonona na wasiwasi zikapungua. Vijana waliomaliza skuli tunao, wamekaa barazani.

Fomu za ridhaa zilizotiwa saini na wazazi bado zimo kabatini mwangu. Mkirudi, njooni na matokeo kwa Kiswahili, na msije Novemba. Njooni wakati wa bamvua, asubuhi maji yakiwa yametoka, niwapeleke kwa mama wa wanafunzi huko kwenye mashamba ya mwani. Chukueni viatu vya kuingilia majini, maana kuna urumba.

Wenu,
Mwalimu wa Kidato cha Nne,
Pwani ya Mashariki, Unguja