Safu ya Ushauri: Mteja Nilimwona Jana, Leo Simwoni

Salesforce, programu ya kutunza kumbukumbu za wateja iliyoanzia San Francisco mwaka 1999, haimpi mtumiaji ruhusa moja bali tatu, na kila moja hukaguliwa peke yake. Ya kwanza inahusu aina ya rekodi: je, anaruhusiwa kabisa kugusa akaunti za wateja, fursa za mauzo au kesi? Hiyo hutoka kwenye wasifu wake na seti za vibali alizoongezewa. Ya pili inahusu rekodi zenyewe: kati ya akaunti zote, azione zipi? Ya tatu ni ya uga mmoja mmoja ndani ya rekodi. Barua nyingi za safu hii huzichanganya zote tatu, kisha lawama humwangukia mtu wa IT.

"Mwenye Kinyongo" anaandika kwa uchungu wa aliyeachwa bila talaka. Mteja aliyemfungua jana, leo anaambiwa haki zake hazitoshi, ilhali jirani yake wa meza anamfungua bila taabu. Anashuku fitina. Lakini anayefungua akaunti nyingine akakwama kwenye moja tu, wasifu wake ni mzima. Cha kutazama ni jina la mmiliki wa rekodi. Katika kampuni iliyoweka akaunti kuwa za faragha, rekodi huonwa na mmiliki, walio juu yake katika ngazi ya nafasi, na wale waliofunguliwa kwa namna maalumu. Katikati ya malalamiko yenyewe barua inataja, kwa kupitia tu, kwamba mmiliki aliyemshirikisha kwa mkono amehamishwa na akaunti ikapewa mtu mwingine. Hapo ndipo kilipo kiini cha shida. Umiliki ukibadilika, ushirikishaji wa mkono hufutika wenyewe. Mmiliki mpya anaweza kuurudisha, ingawa mtu anayemhitaji mteja huyo kila siku afadhali aombe kanuni ya kushirikisha inayofungulia kikundi chake chote, kwa kuwa kanuni haitegemei hisani ya mtu.

"Bosi Asiyeona" yuko juu kuliko wote ofisini kwake, na anataka ijulikane. Fursa za mauzo za vijana wake anaziona. Rekodi za ziara za madukani, aina iliyobuniwa na kampuni yenyewe, hazioni hata moja. Cheo kilichoandikwa kwenye kadi yake ya biashara hakihesabiwi. Kinachohesabiwa ni nafasi aliyopangiwa ndani ya mfumo. Kwa aina za kawaida kama akaunti na fursa, aliye juu huona za walio chini yake. Kwa aina zilizobuniwa na kampuni, msimamizi wa mfumo anaweza kuondoa alama kwenye kisanduku kinachoruhusu ngazi hiyo kufanya kazi, na macho ya bosi yakakomea hapo. Kabla ya kumgombeza mtu, hata hivyo, wasifu wake ukaguliwe: ngazi humfungulia rekodi, haimpi kibali cha kusoma aina hiyo ya rekodi.

"Nusu Mkate" anafungua rekodi na kukuta kila kitu isipokuwa kikomo cha mkopo wa mteja. Kipimo chake ni ripoti. Uga ukionekana kwenye ripoti lakini si kwenye ukurasa, aliyepanga ukurasa aliuacha nje. Ukikosekana kote kuwili, usalama wa uga umemfungia.

Imebaki barua ya "Msimamizi Aliyechoka", anayetaka kumaliza kelele kwa kumpa kila mtu kibali cha kuona data zote. Kelele zitapungua kweli, maana kibali hicho hupita juu ya ushirikishaji wote, ila Nusu Mkate atabaki na nusu yake, kwa sababu hakifungui uga uliofungwa. Pia kukirejesha nyuma ni kazi: kanuni za kushirikisha hufungua tu, hazifungi, kwa hiyo aliyekwisha kuona vyote hawezi kupunguziwa kwa kanuni hizo. Asiyetaka kubahatisha aulize jedwali la mfumo liitwalo UserRecordAccess. Linahitaji vitambulisho viwili, cha mtumiaji, kinachoanza na 005, na cha rekodi, ambacho kwa akaunti huanza na 001. Jibu hurudi kwa ndiyo au hapana: kusoma, kuhariri, kufuta, kuhamishia mwingine. Sababu haitajwi. Kwa akaunti, sababu hutafutwa kwenye jedwali la AccountShare, ambako safu ya RowCause huonyesha kama mtu aliingia kwa umiliki, kwa kanuni au kwa mkono.