Jinsi ya Kupata Mbadala wa Chuma Kisichoshika Kutu Bila Kuuliza Maswali

Shafti ya pampu ya kulishia boila imekatika usiku wa manane, msimu wa kusaga miwa umepamba moto, na meneja anapiga simu kila robo saa. Mchoro unasema shafti ilifuliwa kwa chuma kiitwacho 17-4PH na kutiwa joto hadi hali ya H1150. Stoo haipo, kwenye maduka ya Gerezani haipo, na ya kuagiza itafika miwa ikiwa imeshakuwa kuni. Usihangaike. Mbadala haukosi kupatikana kwa mtu asiye na maswali mengi.

Anza na namba za vyuma. Zisome kama matokeo ya mtihani: kubwa imeshinda ndogo. 304 ni nzuri, 316 ni nzuri zaidi, basi 410 itakuwa imeongoza darasa. Atatokea mjuaji akuambie kwamba hizo ni majina tu. Kwamba 304 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, kwamba 316 imeongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3 ili ivumilie chumvi, na kwamba 410 ina kromiamu asilimia 12 hivi, nikeli kidogo sana au hakuna, na upepo wa bahari wa Tanga utaitia kutu mapema. Mwitikie kwa kichwa, kisha lipia 410.

Shika jina moja tu la chuma na usilegeze msimamo. Duka likikuambia halina 17-4PH ila lina 630, au 1.4542 ya Wajerumani, au SUS630 ya Wajapani, au S17400, shukuru kwa adabu na uondoke. Hicho ni chuma kile kile ulichokuwa unakitafuta tangu asubuhi, lakini mchoro haukuandika hivyo, na wewe ni mtu wa kufuata mchoro.

Ukichoka, chukua 316. Inang'aa, na kila fundi ameisikia. Kwamba 316 huanza kupinda bila kurudi kwenye megapaskali 205 hivi, wakati 17-4PH ya H1150 huvumilia angalau 725, hayo ni mambo ya vitabuni. Shafti yako mpya itakuwa na robo na ushee ya nguvu ya ile ya zamani. Ila hata ikipinda, haitakuwa na kutu.

Kipimo chako kiwe sumaku, ikiwezekana iliyong'olewa kwenye spika mbovu. Ikinata, kataa, isiponata, lipa. Kwa kanuni hii utaifukuza dukani 2205, ambayo ina nguvu mara mbili ya 316 na huistahimili chumvi kuliko hiyo 316, kwa kosa la kunata. Utamfukuza na 17-4PH mwenyewe, kwa kuwa naye hunata. Badala yao utaikaribisha 201, iliyopunguziwa nikeli na kujazwa manganizi ili bei ishuke. Hiyo hainati. Masufuria mengi ya bei nafuu hutengenezwa nayo, na kwa wali haina neno.

Sasa tuingie kwenye kufua, maana hapa ndipo pesa inapookolewa kwelikweli. Kipande kilichofuliwa nyuzi zake za ndani hulifuata umbo lake. Ukikereza flanji kutoka kwenye nondo, unazikata nyuzi hizo katikati. Kiwango cha ASTM A182 hakikubali flanji ichongwe hivyo, lakini waliokiandika hawajawahi kupigiwa simu na meneja wako. Mkerezaji akikushauri utumie 303 kwa sababu haisumbui kisu, kubali. Urahisi huo umetokana na salfa iliyotiwa makusudi, ambayo pia hukifanya chuma kipasuke kikifuliwa na kiliwe upesi na maji ya chumvi.

Na ukilazimika kufua, pasha 316 hadi nyuzi 1200 hivi, igonge, kisha ifukie kwenye majivu ipoe polepole, kama mababu walivyofanya kwa jembe. Ikipita taratibu kati ya nyuzi 850 na 425, kromiamu hukimbilia kwenye kaboni na kujikusanya mipakani mwa chembe, na pembeni yake hubaki chuma kisicho na kinga. Kwa macho hutaona chochote. Wenye woga hukirudisha kipande kwenye tanuri, wakakipasha hadi zaidi ya nyuzi 1040 na kukizamisha majini papo hapo. Kuni na maji, vyote gharama.

Karatasi zisikutishe. Muuzaji atakupa cheti cha EN 10204 aina ya 3.1, kilichotolewa nakala hadi kikafifia. Kipokee kwa mikono miwili. Usilinganishe namba ya myeyusho iliyo kwenye cheti na iliyogongwa kwenye nondo. Urafiki wa miaka unaweza kuvunjika hapo. Na mwenye kile kipimo cha eksirei cha mkononi akitangaza kwamba hii ni 316L, usimuulize hiyo L ameionaje. L ni kaboni isiyozidi asilimia 0.03, na kifaa chake hakiwezi kuisoma kaboni.

Wapo wenzako wanaofanya kinyume. Kabla ya kutaja namba yoyote wanauliza shafti inabeba nini, maji yana chumvi kiasi gani, joto linafika wapi. Wanamwandikia mtengenezaji wa pampu. Wakiikosa 17-4PH, na maji ni ya boila yasiyo na chumvi, wanapiga hesabu upya kwa 431 iliyotiwa ugumu na kutulizwa, inayofika megapaskali 600 na inayotumika pia kwenye shafti za boti. Hesabu ikikataa, wanasubiri meli. Watu wa namna hiyo hawapandishwi vyeo. Pampu zao hazijawahi kuitisha kikao.